Kujithamini na Fikra za Kifo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nasomesha saikolojia hapa Pemba. Maswali yaliyomo humu nimeulizwa darasani, barazani, na mara nyingi zaidi msibani, siku ya tatu au ya nne, pale wageni wanapopungua na mwenye msiba anabaki na mawazo yake. Karibu yote yanarudi pamoja: kwa nini mtu mmoja akikumbuka kifo hutulia, na mwengine hupagawa? Sababu ziko nyingi. Hapa nashughulika na moja ambayo kwetu hatuizungumzi vya kutosha, nayo ni thamani anayojipa mtu ndani ya nafsi yake.

Kujithamini si ndiko kujiona?

Siko. Wazee wengi wakisikia neno "kujithamini" huingiwa na hofu kuwa tunawafunza watoto takaburi, kwa hiyo tuanze hapo. Anayejiona lazima apate wa kumdharau ndipo asimame. Anayejithamini hana haja hiyo. Anajua kuwa yeye ni mtu mwenye maana, ana nafasi yake kwa watu wake, na anajitahidi kuishi kama anavyoamini mtu mwema huishi. Morris Rosenberg, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, alitoa mwaka 1965 dodoso la sentensi 10 ambalo mpaka leo linatumika kupima jambo hili. Sentensi moja inamuuliza mtu kama anajiona ana thamani angalau sawa na wengine. Sawa na wengine, si juu yao.

Muislamu naye hapaswi kulishangaa hili. Sura ya Israa, aya ya 70, inasema kuwa wanadamu wametukuzwa. Utukufu huo haukungoja mtu apate cheo wala nyumba ya ghorofa.

Nani aliyeanza kuunganisha kujithamini na kifo?

Ernest Becker, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1973 kwamba tabu kubwa ya mwanadamu ni kuwa na mwili unaokufa pamoja na akili inayojua kuwa utakufa. Mbuzi hukimbia kisu akikiona. Mwanadamu hukiona hata kikiwa hakipo. Becker mwenyewe alifariki kwa saratani mwaka 1974, na miezi miwili baadaye kitabu hicho kikapewa tuzo ya Pulitzer.

Mwaka 1986 wanasaikolojia watatu, Jeff Greenberg, Tom Pyszczynski na Sheldon Solomon, waliyageuza mawazo hayo kuwa nadharia inayoweza kupimwa. Swali lao lilikuwa jepesi: kwa nini watu wanahitaji sana kujiona wana thamani? Walijibu kuwa thamani hiyo ni ngao. Kila jamii humpa mtu wake mambo mawili. Kwanza, humwambia dunia imekaa vipi na maisha yana maana gani. Pili, humpa kipimo cha kuhesabiwa mtu mwema. Anayeona amekifikia kipimo hicho hujihisi ni sehemu ya jambo lisilokwisha siku anayozikwa, na hofu humpungua.

Nikilieleza hili darasani, wanafunzi hunikatiza wakataja sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema mwenye kumuombea mzazi. Wana haki ya kunikatiza. Mtu aliyechimba kisima Micheweni halali usiku akifikiri kifo sawasawa na mtu anayeamini hakuacha kitu.

Kuna ushahidi, au ni maneno tu?

Upo. Jaribio linalotajwa zaidi ni la mwaka 1992. Wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani walipewa karatasi wakaambiwa ndiyo matokeo ya uchunguzi wa tabia zao. Baadhi walisifiwa sana, wengine walielezwa mambo ya kawaida tu. Kisha wakaoneshwa filamu fupi, wengine ya mandhari, wengine ya vifo. Waliopewa maneno ya kawaida waliingiwa na wasiwasi zaidi baada ya kuona vifo. Waliosifiwa hawakuongezeka wasiwasi. Katika jaribio jengine la utafiti huohuo, wanafunzi waliambiwa watapigwa shoti ya umeme, jambo ambalo halikufanyika, huku jasho la ngozi zao likipimwa. Waliokwisha kuinuliwa nafsi walitoka jasho kidogo zaidi.

Huu ndio ushahidi unaonigusa kuliko wote, kwa sababu mtu anaweza kuudanganya ulimi wake lakini si jasho lake.

Mwaka 1997 Eddie Harmon-Jones na wenzake walikuja na swali jengine. Ilikuwa imeshajulikana kuwa mtu akikumbushwa kifo huzidi kung'ang'ania upande wake na kuwa mkali kwa wanaoupinga. Majaji 22 wa mjini Tucson, Arizona, walikuwa wameonesha hivyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989. Walipewa kesi moja ya mwanamke aliyeshitakiwa kwa ukahaba. Majaji waliotangulia kuandika kuhusu kifo chao walimwekea dhamana ya wastani wa dola 455, na ambao hawakukumbushwa waliweka dola 50. Sheria ileile, kesi ileile. Harmon-Jones na wenzake wakakuta kuwa watu wenye kujithamini sana, ama kwa tabia zao ama kwa kuinuliwa muda huohuo, hawakuonesha ukali huo baada ya kukumbushwa kifo.

Mbona mimi nikizungumza habari za kifo sihisi chochote?

Wengi huwa hivyo, na watafiti wamelifikiria hilo. Wanasema akili hujilinda mara mbili. Kifo kikiwa mbele ya macho, mtu hukisogeza: "Mimi bado kijana," "Babu alifika miaka tisini," "Nitaacha sigara." Dakika chache zikipita, mawazo yakishahama, ulinzi wa pili huingia bila mwenyewe kujua. Hapo ndipo mtu huanza kutafuta thamani yake, kusifiwa, kushinda hoja, kuonekana. Majaribio ya miaka ya 1990 yalionesha kuwa ulinzi huu wa pili hujitokeza zaidi mtu akipewa kwanza kazi nyengine ya kumsahaulisha.

Watajuaje kuwa kifo kimekaa chini ya fikra? Humpa mtu maneno yenye herufi zilizofutwa ayajaze. Kwa Kiswahili ingekuwa KI_O. Mmoja ataandika "kioo", mwengine "kifo". Au SAN_A: sanaa au sanda. Anayejaza maneno ya mauti mengi kuliko kawaida, mauti yako karibu na akili yake hata kama anacheka.

Je, mtu akidhalilishwa huanza kufikiri kifo zaidi?

Ndiyo, na laiti watu wangesoma jibu hili tu wakaacha mengine.

Utafiti wa Joseph Hayes, Jeff Schimel na wenzao wa Canada, uliotoka mwaka 2008, uliligeuza swali. Badala ya kuwakumbusha watu kifo, waliwagusa katika thamani yao, kwa mfano kwa kuwafanya wajione hawana akili kama walivyodhani. Halafu wakawapa maneno ya kujaza. Maneno ya mauti yakaongezeka. Hakuna aliyetajiwa kaburi. Kuvunjwa hadhi peke yake kulitosha.

Sasa chukua hilo ulilete nyumbani. Mwanamke anaachwa kwa ujumbe wa simu, anarudi kwao na begi moja, na majirani wanamuangalia mlangoni. Kijana amemaliza skuli, hana kazi, kila akikaa kula anaambiwa "wenzako wanajenga." Mzee aliyekuwa nahodha sasa anaongozwa msalani, na wajukuu wanazungumza juu ya kichwa chake kama vile hayupo. Hawa wakija kuniambia "Maalim, siku hizi nakifikiria sana kifo," huwa siwaulizi kwanza kuhusu kifo. Nawauliza nani aliwavunjia heshima, na lini. Mara nyingi machozi hutoka hapo.

Mjane wa hapa Wete, mtu wa makamo, alinambia kuwa katika eda yake yote, miezi minne na siku kumi, hakukiogopa kifo, kwa sababu watu walikuwa wakija na alikuwa bado mke wa fulani. Hofu ilimwanza alipotoka eda, akaona hakuna tena anayemngoja arudi. Alianza kusikia moyo unakwenda mbio usiku. Tulikwenda naye hospitali kwanza, akapimwa, moyo ukaonekana salama. Kilichomsaidia baadaye ni wanawake wenzake wa kulima mwani waliomfuata asubuhi moja na kumwambia kamba zake zimeota majani, hakuna wa kuzishughulikia. Alihitajika tena.

Kwa nini kijana akiambiwa "utakufa" ndiyo kwanza anazidi kukimbiza pikipiki?

Mwaka 1999 Orit Taubman-Ben-Ari na wenzake walichapisha utafiti waliowafanyia askari vijana wa Israel. Waliokumbushwa kifo waliendesha kwa hatari zaidi, lakini si wote: ni wale tu ambao udereva ulikuwa sehemu ya thamani yao. Kwao kukumbushwa kifo kulikuwa ni kuambiwa "jithibitishe." Lakini walipopewa sifa kuhusu udereva wao, athari hiyo iliondoka.

Naufikiri utafiti huu kila msimu wa karafuu. Kuna vijana wa hapa ambao heshima yao yote iko kwenye ncha ya mkarafuu. Wengine wanaishia matawi ya kati, yeye lazima afike kileleni, kwenye tawi jembamba, bila kamba, na chini wapo wanaomtazama. Kumfokea "utaanguka ufe" mbele ya wenzake ni kumsukuma juu. Mzee mmoja wa Mtambwe nimemsikia akifanya vyengine. Alimwambia kijana: "Hapa hakuna asiyejua kuwa wewe ndiye mpandaji. Shuka unifunzie huyu mdogo jinsi ya kufunga kamba." Kijana akashuka. Mzee yule hakusoma jaribio lolote.

Kwa dereva wa bodaboda ni hivyohivyo. Kama sifa pekee anayoipata maskani ni mwendo, atakwenda mbio. Mpeni sifa nyengine: kwamba mama wajawazito wanamwamini, kwamba abiria wake hawajawahi kuanguka.

Kwetu mtu hajithamini peke yake. Utafiti wa Wazungu unatuhusu?

Swali zuri, na huulizwa zaidi na wanawake. Mwaka 2013 Hongfei Du na wenzake walilinganisha watu wa Austria na China. Kwa Waaustria, kujithamini kwa mtu binafsi ndiko kulikokuwa ngao dhidi ya fikra za kifo. Kwa Wachina ngao ilikuwa thamani inayotokana na kufungamana na wengine: mimi ni mtoto mwema, ndugu mwema, mtu wa watu wangu.

Sisi, kwa ninavyoona, tuko karibu zaidi na hawa wa pili. Tazama msiba wetu. Habari ikitangazwa msikitini, haipiti saa watu wamejaa. Wengine wanakwenda kuchimba kaburi, wengine wanatafuta sanda, kuna anayejua kuosha, kuna anayekata mbao, wanawake wameshawasha kuni. Kwenye jeneza kila mwanamme anataka bega lake liguse, hata hatua tatu. Yule mwenye ulemavu wa mguu hupewa birika awamiminie watu maji. Siku ambayo kifo kiko karibu kuliko siku zote, kila mtu amepewa kazi na kila mtu anahitajika. Sijui kama wazee walilipanga hivyo kwa makusudi, lakini ningekuwa nabuni njia ya kuilinda nafsi na hofu ya mauti nisingebuni bora zaidi.

Ndiyo maana inaniuma kuona misiba ya siku hizi ambapo chakula kinaagizwa, viti vinakodiwa, na majirani wanakaa wakiangalia simu. Tumeondoa tabu, na tumeondoa pia kile kilichokuwa kikitushika.

Je, mwenye imani hahitaji kujithamini?

Dini yenyewe hutufundisha kukumbuka mauti kwa wingi na kuzuru makaburi, lakini pia hutufundisha khofu na raja kwa pamoja: kumuogopa Mola na kumtarajia. Mtu aliyejidharau mpaka mwisho hubakiwa na khofu tu. Eva Jonas na Peter Fischer, mwaka 2006, walikuta kuwa watu walioishika dini kwa ajili ya dini yenyewe, na si kwa kuonekana, hawakuhitaji kujihami baada ya kukumbushwa kifo, hasa walipopata nafasi ya kuieleza imani yao.

Hapa nina ombi kwa walimu wenzangu wa vyuoni, wanaosomesha watoto Kurani, na nalisema kwa mapenzi. Mtoto akikosea, musimtajie adhabu za kaburi wakati huohuo mnamwita punda mbele ya wenzake. Mnamletea kifo na mnamvua ngao kwa pamoja. Mfunzeni mauti siku nyengine, akiwa amehifadhi vizuri na uso umenyooka.

Na wazee?

Wanalibeba vizuri kuliko tunavyodhani. Utafiti wa Molly Maxfield na wenzake wa mwaka 2007 ulionesha kuwa vijana wakikumbushwa kifo walikuwa wakali zaidi kwa makosa ya wengine, lakini wazee hawakuwa hivyo. Kinachowaumiza wazee wengi si kifo, ni kutosikilizwa.

Tangu Spice Islander izame mama yangu hapandi boti. Je, ni kwa kuwa hajithamini?

Hapana kabisa, na usimwambie hivyo. Meli ile ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikija Pemba, na hakuna kijiji hapa ambacho hakikuguswa. Aliyepoteza watu au aliyewangoja bandarini ana jeraha, na jeraha lina matibabu yake: mazungumzo na mtu aliyesomea, kuirudia bahari hatua kwa hatua, akitaka mwenyewe, na subira ya walio karibu naye. Kujithamini husaidia jeraha kupona, lakini hofu baada ya janga si alama ya nafsi dhaifu.

Kujithamini kukiwa kukubwa, hofu huisha?

Si lazima. Kuna kujithamini kunakotangazwa na kunakoishi ndani, na viwili hivi huweza kutofautiana. Mwaka 2009 Brandon Schmeichel na wenzake walionesha kuwa watu ambao ndani hawajioni na thamani, hata wakijisifu kwa maneno, ndio waliojihami zaidi baada ya kukumbushwa kifo. Jirani anayetaja mali zake kila sentensi huenda ndiye anayeogopa kuliko wote. Mhurumieni.

Utafiti huu unapingwa?

Unapingwa. Mwaka 2010 Brian Burke na wenzake walikusanya majaribio 277 na kuona kuwa kukumbushwa kifo kuna athari ya wastani, isiyo ndogo. Baadaye maabara 21 ziliungana kurudia jaribio moja maarufu la mwaka 1994, na athari iliyotarajiwa haikuonekana, hata pale ambapo waasisi wa nadharia walishirikishwa katika kuandaa. Jaribio lile lilihusu kung'ang'ania upande wako, si kujithamini moja kwa moja, lakini ni onyo. Pia washiriki wengi wamekuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Kwa hiyo nadharia hii naitumia kama taa ya mkononi: inanionesha pa kukanyaga, hainioneshi njia yote.

Nimjenge vipi mtu wangu?

Msimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Sifa ya uongo mtu huijua. Mpe kazi ambayo wewe kweli unaihitaji, kisha mwambie imekusaidia nini. Muulize ushauri. Mwite kwa jina lake la heshima, hasa akiwa kitandani. Mwanafunzi aliyefeli mwambie kilichofeli ni mtihani, kisha kaa naye mtazame wapi alikosea. Na kama wewe ndiye uliyemvunjia heshima mbele ya watu, muombe radhi mbele ya watu haohao. Radhi ya faragha hairudishi kilichochukuliwa hadharani.

Mimi sikiogopi kifo, nakitamani. Niseme na nani?

Umefanya vizuri kuuliza. Kufikiri kuwa iko siku utakufa ni jambo moja, na kutamani kufa ni jengine. Hili la pili linahitaji mtu leo, si kesho. Mwambie mmoja unayemwamini, kwa maneno yaliyo wazi: "Nataka kujiua" au "Sitaki kuishi." Mwambie asikuache peke yako. Kisha mwende naye hospitali: Chake Chake, Wete au Mkoani kwa walio Pemba, Mnazi Mmoja au Kidongo Chekundu kwa walio Unguja. Kidongo Chekundu ni hospitali ya maradhi ya akili, na kwenda pale si fedheha, kama vile si fedheha kwenda kutibiwa homa.

Usidhani kuwa kwa kuwa umepata fikra hizo umeshatoka katika imani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokataza kutamani mauti kwa ajili ya dhara lililompata mtu, alifundisha dua ya kusema mahali pake: ewe Mola niweke hai maadamu uhai ni kheri kwangu. Alijua kuwa wapo watakaofika hapo, na hakuwafukuza.

Na wewe unayeambiwa maneno hayo na ndugu yako, usimkemee na usimhubirie. Weka mbali sumu ya panya, vidonge na kamba. Kaa naye, mletee chai, na alale chumba kimoja na mtu mpaka asubuhi mtakapokwenda kwa daktari. Akionekana hawezi kungoja, au ameshajidhuru, mpelekeni usiku huohuo.